GUNIA LA SITA

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei wa Kilosa na Mikumi juu ya vipimo vya haki na ulinzi wa mlaji





Nimeombwa niseme juu ya haki katika uchumi. Tukisikia neno uchumi, wengi wetu hufikiri juu ya benki, bajeti ya Serikali na mikutano ya wataalamu huko mijini. Hayo yana mahali pake. Lakini leo naomba tubaki na kitu kimoja ambacho kila mmoja wetu amekishika kwa mikono yake, nacho ni gunia. Nikilieleza gunia vizuri, nadhani nitakuwa nimeeleza sehemu kubwa ya yale ambayo Kamati ya Haki na Amani inatakiwa kuyashughulikia katika parokia zetu.

1. Hesabu ya gunia

Debe moja la mahindi makavu lina uzito wa kilo 16 hadi 18. Madebe sita hutoa gunia la kilo 100 au karibu na hapo. Hilo ndilo gunia ambalo sheria ya vipimo ya nchi yetu inalitambua, kwani mazao ya shambani hayaruhusiwi kufungashwa kwa uzito unaozidi kilo 100. Lakini wote tunajua linalotokea wakati wa mavuno. Gunia hujazwa hadi mdomoni, hutikiswa, hushindiliwa, kisha hushonewa kipande cha gunia jingine juu yake kama kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Ndani yake mna madebe saba, na mara nyingine manane. Bei inabaki ileile ya gunia moja.

Nilipokuwa mtoto, kazi yangu siku ya kuuza ilikuwa kushika mdomo wa gunia ili mnunuzi ajaze. Nilijivunia kwamba gunia letu limesimama refu kuliko la jirani. Sikujua kwamba nilikuwa nashikilia hasara ya baba yangu.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme mama mmoja ana magunia matano ya lumbesa, kila moja lina kilo 120. Jumla ni kilo 600. Kilo 600 ni magunia sita halali. Lakini mama huyu analipwa magunia matano. Ikiwa bei ya gunia ni shilingi 60,000, yeye anapokea shilingi 300,000 badala ya 360,000. Gunia la sita limekwenda bure. Alilima, alipalilia, alilinda nyani na ngiri, alivuna, alipukuchua, kisha akalitoa zawadi kwa mtu ambaye hakumwomba wala hakumshukuru. Mwenye magunia ishirini ya namna hiyo ametoa zawadi ya magunia manne.

Wala mkulima si peke yake anayeumia. Kijana mpakizi anayebeba gunia hilo mgongoni analipwa kwa gunia, si kwa kilo. Naye anazeeka kiuno kabla ya wakati. Ushuru wa Halmashauri ukihesabiwa kwa gunia, mapato ya kujengea zahanati na madarasa yanapungua bila mtu kuona. Na yule mfanyabiashara mwaminifu, ambaye angependa kununua kwa kilo, anashindwa kushindana na mwenzake mwenye lumbesa. Kwa hiyo dhambi hii moja inawajeruhi watu wengi.

2. Tulifikaje hapa

Wazee waliomo humu wanakumbuka kwamba mambo hayakuwa hivi siku zote, ingawa hayakuwa mazuri siku zote pia. Zamani mkulima aliuza kwa chama cha ushirika. Mwaka 1976 Serikali ilivifuta vyama vya ushirika, na mazao yakanunuliwa na mashirika ya umma. Nafaka ilikwenda kwa Shirika la Usagishaji la Taifa. Mizani ilikuwepo, lakini malipo yalichelewa, na mahindi mara nyingine yaliharibika yakisubiri lori. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha ushirika, lakini imani ya wakulima ilikuwa imekwisha kupungua.

Mwaka 1983 ilikuja vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Yeye alifariki katika ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, hapa hapa mkoani kwetu Morogoro. Watu wengi walimlilia kwa sababu waliona kuna mtu mkubwa aliyejali bei ya sabuni na ya sukari ya mtu mdogo. Lakini vita ile ilipiganwa kutoka juu, na ilipotulia, mwananchi hakuwa amebaki na chombo chake mwenyewe cha kujilinda.

Kisha biashara ya mazao ikafunguliwa. Mnunuzi binafsi akafika hadi mlangoni na fedha taslimu. Hilo lilikuwa jambo jema, nasi tusilikane. Tatizo ni kwamba mnunuzi alikuja na lori, na fedha, na gunia, lakini mizani haikufika pamoja naye.

3. Kwa nini mkulima anakubali

Tukiwaeleza watu hesabu hii, wengine hutujibu: «Mbona mkulima mwenyewe amekubali? Hakuna aliyemlazimisha.» Jibu hili linahitaji kutazamwa vizuri.

Mkulima wa Rudewa au wa Msowero anavuna mwezi ambao kila mtu anavuna. Mtoto anatakiwa shuleni, deni la mbegu linadaiwa, na nyumbani kuna mgonjwa. Mkulima wa vitunguu kule Malolo ana mzigo unaooza asipouuza upesi. Mtu wa bonde la Mkondoa amewahi kuona mafuriko kama yale ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaliyochukua nyumba na chakula. Mtu wa namna hiyo haweki mazao akisubiri bei nzuri. Wengine wamekwisha kuuza mazao yangali mabichi shambani, mwezi wa njaa, kwa bei ambayo mnunuzi alitaka. Na mnunuzi anajua haya yote. Anasema tu: «Kama hutaki, ninakwenda kijiji cha pili.»

Je, hayo ni makubaliano? Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mfanyakazi akikubali ujira mdogo kwa sababu tu ya kuogopa shida kubwa zaidi, amedhulumiwa, hata kama alitamka ndiyo. Mwaka 1967 Papa Paulo VI, katika Populorum Progressio, aliutumia ukweli huo huo katika biashara: pande mbili zikiwa hazilingani kabisa kwa nguvu, kukubali peke yake hakutoshi kuufanya mkataba uwe wa haki. Kwa hiyo, ndugu zangu, ndiyo inayotoka katika tumbo lenye njaa haimtakasi mnunuzi.

4. Neno la Mungu

Maandiko hayakunyamaza juu ya mizani. Kitabu cha Walawi, sura ya 19, kinaamuru kuwe na mizani ya haki na vipimo vya haki. Mithali, sura ya 11, inatufundisha kwamba mizani ya udanganyifu inamchukiza Mungu mwenyewe. Nabii Amosi, sura ya 8, anawakemea wafanyabiashara wanaoona sabato inachelewa kwisha, kwa sababu wana haraka ya kurudi kupunguza kipimo, kuongeza bei, na kuwauzia maskini makapi ya ngano.

Lakini mahali panaponigusa zaidi ni Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, ambapo Mungu anakataza mtu kuwa na vipimo viwili nyumbani mwake, kimoja kikubwa na kingine kidogo. Nani kati yetu hajaona debe la namna mbili? Kuna debe la kununulia, ambalo limegongwa kwa nyundo likapanuka tumbo. Na kuna debe la kuuzia, ambalo kitako chake kimebonyezwa kwenda ndani. Nabii Amosi angefika leo kwenye magulio yetu asingehitaji mkalimani.

5. Mkulima huyohuyo ni mlaji

Mama yetu aliyepoteza gunia la sita anachukua shilingi 300,000 zake na kwenda dukani. Sasa amekuwa mlaji. Anapimiwa sukari kwenye mizani ambayo sahani yake imeinama kabla kitu hakijawekwa. Ananunua mafuta ya kula yaliyofunguliwa na kumiminwa upya bila kujulikana yametoka wapi. Ananunua pakiti ya mbegu yenye picha nzuri, anapanda, na mvua ya kwanza inapita bila mche kuota. Mbegu bandia ni wizi mzito, maana humwibia mtu mwaka mzima.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 tuliona jambo jingine. Mvua nyingi za El Nino zilizuia uvunaji wa miwa, sukari ikaadimika nchini, bei ikapanda, hata Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi. Sisi wa upande wa Mikumi, Kidodi na Ruhembe tunaishi tukitazama mashamba ya miwa. Mkulima wa miwa hulipwa kufuatana na uzito wa miwa yake na kiwango cha sukari kilichomo. Vipimo hivyo hupimwa kiwandani, mbali na macho yake. Ndiyo maana anahitaji chama imara chenye wawakilishi wanaofahamu vipimo na wenye haki ya kushuhudia. Na familia yake, ikirudi dukani, inahitaji bei inayojulikana. Ni watu walewale katika pande zote mbili za mizani.

Haki za mlaji si jambo la kubuni. Tarehe 15 Machi 1962 Rais John Kennedy wa Marekani alitaja mbele ya Bunge la nchi yake haki ya mlaji ya kuwa salama, ya kuelezwa ukweli, ya kuchagua na ya kusikilizwa. Siku hiyo ndiyo inayoadhimishwa duniani kuwa Siku ya Haki za Mlaji. Umoja wa Mataifa ulitoa miongozo yake mwaka 1985. Nchi yetu ilitunga Sheria ya Ushindani mwaka 2003, inayokataza kumdanganya mlaji juu ya ubora, bei au asili ya bidhaa. Sheria tunazo. Kinachokosekana ni watu wa kuzishika mkononi na kuzitumia.

6. Tufanye nini

Napendekeza mambo matano, nayo yote yanaweza kuanzia katika Jumuiya Ndogo Ndogo.

Kwanza, tuwe na mizani. Jumuiya mbili au tatu zikichanga zinaweza kununua mizani moja ya kuning'iniza. Ipelekwe kwa Wakala wa Vipimo ihakikiwe na kuwekewa alama, na irudishwe kuhakikiwa kila mwaka. Kila familia ipime mazao yake nyumbani kabla mnunuzi hajafika, na iandike kilo katika daftari. Mtu anayejua uzito wa mali yake huzungumza kwa sauti nyingine.

Pili, tuuze pamoja. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, awe Mkristo, Mwislamu au mtu asiye na dini. Halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikathibitishwa na Halmashauri ya Wilaya. Basi twende kwenye mikutano hiyo, tuombe pawepo mahali pamoja pa kuuzia, siku inayojulikana, na mizani mbele ya watu wote. Hapa mkoani kwetu ndipo ulipozaliwa mtandao wa vikundi vya wakulima, MVIWATA, mwaka 1993, nao umesaidia kuanzisha masoko ya mazao kama lile la Kibaigwa katika mkoa wa Dodoma. Hatuanzi safari ambayo hakuna aliyeitembea.

Tatu, tutunze mazao. Mwenye ghala hakimbizwi na msimu. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005, humruhusu mkulima kuweka mazao yake ghalani na kupewa stakabadhi inayoonyesha uzito na ubora. Tujifunze mfumo huo kabla hatujaingia, tuulize makato yote, na tusitie sahihi karatasi tusiyoielewa.

Nne, tutunze ushahidi. Tudai risiti. Tuhifadhi pakiti ya mbegu mpaka mazao yaote. Tuandike tarehe, mahali, namba ya gari na kiasi. Malalamiko yasiyo na tarehe ni manung'uniko.

Tano, tufikishe habari panapohusika. Mambo ya mizani na lumbesa yaende Wakala wa Vipimo. Ubora wa bidhaa na chakula ni kazi ya Shirika la Viwango. Dawa na vifaa tiba ni vya TMDA. Mbegu ni za TOSCI, ambayo makao yake yako Morogoro mjini. Udanganyifu katika biashara upelekwe Tume ya Ushindani. Twende kwa maandishi, tukiwa wengi, kwa heshima. Tusimpige mtu, tusimzomee, tusichome mali. Mfanyabiashara si adui yetu; yeye pia ana watoto, ana gharama za lori na za mafuta. Tunachokidai ni kilo kwa kilo.

7. Siku lori litakapoondoka tupu

Ndugu wapendwa, nisiwadanganye. Siku ya kwanza mtakaposema «hapa tunauza kwa kilo», huenda mnunuzi atawasha gari lake na kuondoka. Vumbi litatulia, na magunia yatabaki pale pale. Saa hiyo ndiyo itakayotupima.

Maana kati yetu yumo mtu ambaye hawezi kungoja hata siku tatu. Mtoto wake yuko hospitalini, au hana unga. Usiku atamfuata mnunuzi kwa siri na kumuuzia lumbesa, na kesho wote tutafuata. Tutamlaumu kwamba ametuvunja. Lakini je, sisi tulimbeba? Mapatano mengi ya wakulima yamevunjika hivyo. Kiungo dhaifu kiliachwa peke yake, ndipo kikakatika.

Kwa hiyo, kabla ya kununua mizani, kila Jumuiya iweke akiba ndogo, ya fedha au ya mahindi, kwa ajili ya mtu huyo mmoja. Akopeshwe bila riba mpaka mazao yauzwe. Gharama yake ni ndogo kuliko gunia la sita la kila mmoja wetu. Sheria inaweza kutupa alama juu ya mizani, lakini anayeilinda mizani hiyo ni jirani anayemwezesha jirani yake asiuze kwa njaa. Wakristo wa kwanza, katika Matendo ya Mitume sura ya 4, walijulikana kwa hilo: hapakuwa na mhitaji kati yao.

Tena tujichunguze sisi wenyewe. Baadhi ya madalali wanaopita vijijini ni waamini wetu, na wengine ni viongozi. Baadhi ya madebe yaliyogongwa nyundo yamo katika nyumba zenye msalaba ukutani. Na parokia, inapopokea zaka ya mazao, inapima kwa debe gani? Tukitaka wengine watupimie kwa haki, mizani ya kwanza kuhakikiwa iwe ile ya kanisani.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Kuona: Katika msimu uliopita, familia zetu ziliuza magunia mangapi ya lumbesa? Tufanye hesabu pamoja: ni magunia mangapi ambayo hayakulipwa?

2. Kuamua: Tusome Amosi 8:4-7 na Kumbukumbu la Torati 25:13-16. Ni mambo gani ya huko tunayaona katika gulio letu? Sisi wenyewe tumo upande gani?

3. Kutenda: Ni nani katika Jumuiya yetu ambaye hawezi kungoja lori la pili? Tutamsaidiaje kabla ya mavuno yajayo? Nani atakwenda kwenye mkutano wa kijiji, na atasema nini?

Msimu ujao, mnunuzi akifika na kumwambia mtoto wenu ashike mdomo wa gunia, mwambieni mtoto aache, aende kuleta mizani.

Mungu awabariki.